Namna ya Kukagua Samani ya Marketeri ya Kifaransa

Mtu akioneshwa kabati la droo linalosemwa kuwa la Paris ya karne ya 18, macho yake hukimbilia maua ya marketeri (picha za vipande vya mbao) yaliyo usoni, ilhali ukaguzi unapaswa kuanzia nyuma na ndani, ambako fundi hakuhangaika kumpendeza mtu. Chomoa droo, uigeuze, utafute alama za randa ya mkono na viungo vya meno visivyolingana kabisa, dalili za kazi ya mkono.

Ndipo urudi usoni. Marketeri si njumu ya kuchimbiwa katika ubao mzima, bali ni vipande vya vinia, yaani mbao nyembamba, vilivyokatwa kwa msumeno mwembamba, vikaunganishwa kuwa picha na kugundishwa juu ya kiunzi cha mbao ya mwaloni au msonobari. Kwa kuwa vinia ya enzi hizo ilipasuliwa kwa mkono, ilikuwa nene na haikulingana. Chungulia palipobanduka, na ukikuta vinia nyembamba yenye unene ule ule kila mahali, shuku kazi ya mashine au kiraka cha baadaye. Vivuli vya petali vilipatikana kwa kuchovya ukingo wa kipande katika mchanga wa moto, hivyo weusi hufifia polepole ndani ya mbao yenyewe. Usishangae picha ikiwa ya kahawia tupu: kijani na buluu za awali huliwa na mwanga, na mabaki yake huonekana chini ya vipambo vya shaba.

Mhuri wa fundi uache mwisho, kwa maana hakuna kinachoghushiwa kwa urahisi kuliko huo. Kanuni za chama cha mafundi wa Paris za mwaka 1743 ziliwataka wapige mihuri, na herufi JME zilithibitisha ukaguzi wa chama, lakini mafundi wa mfalme walisamehewa. André-Charles Boulle, fundi mashuhuri wa samani za mfalme, alifariki mwaka 1732, kwa hiyo mhuri wenye jina lake ni sababu ya kutilia shaka. Hata mhuri halali hauthibitishi mkono wa mwenye jina: fundi Jean-François Oeben alipofariki mwaka 1763, karakana ya mjane wake iliendelea kuutumia mhuri wake, huku fundi mwingine, Jean-Henri Riesener, akiiongoza kazi.

Katika samani za mtindo wa Boulle, zenye shaba na magamba ya kasa, mbao hunywea na shaba ikainuka. Usiikandamize wala kuisugua kwa dawa ya kung'arisha, kwani mistari iliyochongwa juu yake ikishafutika hairudi.