Usukani wa mkonga ukicheza, usianze na boksi

"Shikamoo mzee. Nikazie boksi tu, kesho asubuhi nina wageni uwanja wa ndege, KIA." Msimu ukianza mwezi wa sita, hapa Arusha naisikia salamu hiyo kila Jumamosi jioni. Jibu langu ni lile lile: marahaba mwanangu, weka gari pale penye sakafu, tandika turubai.

Madereva wengi wanaijua ile skrubu iliyo juu ya boksi ya stelingi, yenye nati yake ya kufungia. Ukiikaza robo mzunguko, mchezo wa usukani unapungua papo hapo na dereva anaondoka anacheka. Shida ni kwamba boksi ya mkonga, yaani Land Cruiser, ni chuma kigumu, huwa ya mwisho kuchoka. Vinavyotangulia kulegea ni vitu vilivyo kati yake na tairi. Ukiikaza ili kuficha ulegevu wa vitu hivyo, usukani unakuwa mzito pale katikati, ukimaliza kona haurudi wenyewe, na meno ya ndani yanaanza kulana. Ulikuja na ugonjwa mmoja, unaondoka na miwili.

Nazungumzia zaidi mkonga za kuanzia 1999, yaani 78 na 79, zenye injini ya 1HZ, springi za koili mbele na nati 5 kwenye tairi. Zile 75 za kabla yake zina nati 6 na springi za vyuma bapa mbele, kwa hiyo kwenye hizo ongeza kukagua yuboliti na pini za springi. Na usisahau kwamba gari la safari si lile lililotoka kiwandani. Limekatwa chasisi likarefushwa, limeinuliwa paa, limewekewa viti, friji na tairi mbili za akiba. Halafu linapelekwa kwenye vile vijituta vya kati ya Ngorongoro na Naabi, vinavyotikisa kila nati kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kabla sijalala chini namuuliza dereva: linachezaje? Kama kwenye lami ya Makuyuni unageuza usukani kidogo na gari halijali, natafuta kiungo kilicholegea. Kama likikanyaga shimo kwenye mwendo fulani mbele kote kunaanza kutetemeka mpaka usimame, nashuku bushi za panhadi (fimbo inayoshika ekseli), beringi za kingipini (pale tairi linapogeukia) au tairi lisilo na balansi. Kama linavuta upande ukikanyaga breki, hiyo ni kesi ya breki mpaka ithibitike vingine. Na upepo wa tairi upime kwanza, kwa geji, usipime kwa kulipiga teke. Pia uliza kama kuna mtu amebadilisha shokapu ya stelingi karibuni. Shokapu mpya hutuliza mtetemo wiki chache huku kilichousababisha kinaendelea kulika.

Sasa kipimo chenyewe. Gari likae kwa matairi yake manne, usilipige jeki. Ukilinyanyua unaondoa uzito, na vitu vinavyocheza chini ya mzigo vinatulia kama havina kosa. Tairi ziangalie mbele, weka mawe mbele na nyuma ya tairi za nyuma, vuta hendibreki, gia iwe huru. Injini iwake ili pawa isaidie. Msaidizi akae kwenye usukani, autikise kushoto na kulia kidogo kidogo, bila kupumzika. Mwambie asiuzungushe mpaka mwisho, maana wewe uko chini. Vitabu vya Toyota huweka mwisho wa mchezo kwenye ukingo wa usukani milimita 30 au 40, kutegemea modeli. Ukizidi hapo usibishane, tafuta.

Fuata njia ya nguvu. Anza juu kwenye krosi ya shafti ya usukani na bolti yake ya kubana, shuka kwenye boksi, halafu mkono wa pitman unaotoka kwenye boksi, halafu rodi inayovuka kwenda kwenye tairi, halafu tairodi inayounganisha tairi mbili. Kwenye kila kiungo angalia upande unaosukuma na upande unaosukumwa. Vinatakiwa vianze safari pamoja. Kimoja kikitangulia na kingine kikachelewa, hata kwa unene wa kucha, umempata. Macho yakishindwa, kumbatia kiungo kwa kiganja. Tairodi endi, yaani kiungo cha mwisho wa tairodi, ikiwa imekufa utaihisi ikigonga mkononi, tok, tok, kabla hujaiona.

Boksi yenyewe itazame inavyokaa kwenye chasisi. Ikihama kidogo kila usukani unapotikiswa, bolti zake zimelegea, au chasisi imepasuka kuzunguka matundu. Futa matope, sugua kwa brashi ya waya, mulika tochi kwa ubavu. Ufa unaonekana kama unywele mwekundu wa kutu. Ukiuona, gari linakwenda kwa mchomeleaji anayejua chasisi, na boksi inafunguliwa kwanza. Kuchomelea huku imefungwa pale pale kunaunguza sili zake.

Panhadi ndiyo ile fimbo inayozuia ekseli isihame kushoto na kulia. Msaidizi akiendelea kutikisa, tazama ncha zake mbili. Bushi ikiwa imekufa, bolti inaruka ndani ya mpira. Ikiwa bushi ni nzima lakini bolti bado inahama, ifungue uangalie tundu. Tundu likishakuwa na umbo la yai hakuna spana itakayokusaidia, kaza uwezavyo, kesho litalegea. Linajazwa na kutobolewa upya kwa kipimo, na bolti inabadilishwa. Na bolti za bushi za mpira kazia mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, ukishusha mpira unajikunja na kuchanika mapema.

Hapo ndipo naruhusu jeki, na stendi chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki, rudia. Mchezo ukipotea ni beringi za habu. Ukibaki ni beringi za kingipini. Beringi za habu hurekebishwa kwa soketi ya milimita 54, wala si kwa tindo na nyundo. Ninapokea nati nyingi zilizotafunwa na tindo, na ninayemlaumu simtaji. Shika tena tairi kushoto na kulia. Likicheza hapo tu, rudi kwenye tairodi.

Ukiwa hapo hapo tazama zile stadi (bolti zisizo na kichwa) zinazofunga mkono wa stelingi kwenye nakoli, kile chuma kinachogeuka na tairi, upande ambao rodi kutoka kwenye boksi imeshika. Mimi hapa natumia muda kuliko kwingine kote. Kila nati ina washa ya koni chini yake, na koni ndiyo inayoushika mkono usihame. Nati ikilegea kidogo, koni inaachia, mzigo wote unaingia kwenye stadi, zinavutika, halafu zinakatika moja moja. Ya mwisho ikikatika, usukani unabaki mkononi mwako na tairi linakwenda linakotaka. Dalili yake ni ndogo: unga wa kutu kuzunguka nati, au mstari unaong'aa mahali ambapo mkono unasuguana na nakoli. Nati ikiwa imelegea usiikaze tu. Fungua, gonga mkono kwa nyundo ya shaba mpaka koni zitoke, safisha nyuzi kwa petroli, kagua kila stadi. Iliyorefuka kwa kuvutwa hujulikana kwa nati kukwama katikati ya nyuzi, na hiyo inatupwa. Rudisha pakavu, tia gundi ya nyuzi, kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako.

Kuhusu bolti za kununua dukani: angalia kichwa. 8.8 au 10.9 imeandikwa pale. Bolti isiyo na namba ifunge mlango wa banda la kuku. Nati yenye plastiki ndani ikishafunguliwa mara kadhaa haishiki tena, na pini ya kupasua haitumiki mara mbili. Nikimaliza kukaza napiga mstari wa rangi ya kucha nyekundu kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho jirani. Inauzwa sokoni kwa bei ya soda mbili tatu, na dereva akiwa Seronera asubuhi anainama na tochi: mistari ikiwa imenyooka, anaendesha. Nati za tairi kaza tena baada ya safari ya kwanza ya vumbi, na kila ukibadilisha pancha.

Ukibadilisha tairodi endi, alaimenti ni lazima, na kwenye ekseli hii kinachorekebishwa ni toini tu, yaani tairi mbili zinavyoelekeana kwa mbele. Usukani ukibaki umekaa upande, unanyooshwa kwa ile rodi ya kwenye boksi, usiung'oe na kuuhamisha meno. Kama baada ya yote haya bado kuna mchezo na kila kiungo ni kizima, sasa njoo kwenye skrubu ya boksi: tairi zikiwa zimenyooka kabisa, kidogo sana kwa wakati, ukijaribu barabarani kama usukani unarudi wenyewe.

Porini pini ikipotea, waya wa kufungia uzio utakufikisha geti la karibu, pole pole. Lakini stadi ya nakoli iliyokatika, boksi inayohama kwenye chasisi, au tairodi endi inayotaka kuchomoka kwenye kikombe chake, hizo tatu hazina waya. Piga simu ofisini lije gari jingine libebe wageni.