Kabla ya kuchovya: maandalizi ya kutia kitambaa rangi za mimea nyumbani

Kitambaa cha kwanza nilichokitia rangi ya maganda ya vitunguu kilitoka sufuriani kikiwa na rangi ya asali. Nilikianika uani hapa Ngamiani, Tanga, majirani wakaja kukishika na kukisifu. Kilipofuliwa mara ya tatu kilikuwa cheupe kama maji ya mchele. Nikavilaumu vitunguu, na kazi ile nikaiacha kwa miezi. Baadaye ndipo nilipojua vitunguu havikuwa na kosa. Kitambaa nilikinunua nikiambiwa ni pamba tupu, kumbe kimechanganywa na poliesta. Sikukichemsha kuondoa wanga wa kiwandani. Na shabu sikuitia kabisa. Makosa yote matatu yalifanyika kabla jiko halijawaka. Kwa hiyo hapa nitasema kwa kirefu yale ya kabla, na kuchovya kwenyewe nitakugusia tu.

Anza na kitambaa. Rangi za mimea hushika nyuzi zilizotoka kwenye mmea au kwa mnyama: pamba, kitani, mkonge, ukindu, hariri, sufu. Poliesta haizishiki. Usitegemee maneno ya dukani wala kibandiko; chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, zishike kwa kibano, uziwashe juu ya sahani yenye maji. Pamba huungua kama karatasi na jivu lake husagika kwa vidole. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukiona jivu na vidonge pamoja, umeuziwa mchanganyiko, na rangi itashika nusu.

Bafta nyeupe inafaa, ila mimi naipenda zaidi marekani, ile ya rangi ya maziwa ambayo haikung'arishwa kwa dawa. Jina lake limebeba historia yetu: katika karne ya 19 meli za wafanyabiashara wa Marekani, wengi wao kutoka Salem katika Massachusetts, zilileta kitambaa hicho Zanzibar kwa wingi, na kutoka hapo kikasambaa mwambao wote hadi bara. Na kama unaogopa kuharibu kitambaa cha bei, jaribu kwanza kwa singa za mkonge. Mmea huo uliletwa huku na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na singa zake hunywa rangi vizuri. Fungu dogo la kusukia kikapu linatosha kukufundisha mengi.

Kipime kitambaa kikiwa kikavu, maana vipimo vyote vitafuata uzito huo. Kama huna mizani nyumbani, muombe muuza duka akupimie. Tuchukue mfano wa nusu kilo, gramu 500, na tuende nao.

Kisha kioshe, na hapa kuosha maana yake ni kuchemsha. Kitambaa kipya kina wanga, mafuta na nta ya pamba, hata kama kwa macho ni safi. Chukua sufuria ya lita 15 au 20, weka maji kitambaa kielee bila kubanana, tia sabuni ya mche iliyokwanguliwa na vijiko viwili vya chai vya magadi. Magadi ya mawe yayeyushe kwanza kwenye bakuli, uyaache yatulie, kisha uyachuje, kwa sababu yana mchanga. Chemsha kwa moto wa wastani saa moja hadi mbili. Maji yatakuwa ya hudhurungi kama chai, na ukiyaona utaelewa kwa nini rangi ilikuwa haina pa kukaa. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Jaribio la mwisho ni tone la maji juu ya kitambaa kikavu: likizama papo hapo, kiko tayari, likisimama kama shanga, kirudishe jikoni.

Sasa shabu, ambayo ndiyo inayoishikisha rangi. Ni lile jiwe jeupe linalong'aa kama barafu, linalouzwa kwenye maduka ya dawa za asili na viungo, na ambalo vinyozi hulipitisha kidevuni baada ya wembe. Isage, upime gramu 75 kwa nusu kilo yetu ya kitambaa, yaani asilimia 15 ya uzito, uiyeyushe kwenye maji ya moto kabla ya kuimimina sufuriani. Lakini pamba ina ukaidi wake. Sufu na hariri huipokea shabu zenyewe. Pamba huipokea kidogo na kuiachia upesi, mpaka itangulizwe kitu chenye ukakasi, ule unaokaza ulimi ukitafuna ganda la komamanga. Kwa hiyo kwa pamba panga siku mbili: siku ya kwanza kitambaa kilichooshwa kilowekwe kwenye maji ya moto ya maganda makavu ya komamanga, gramu 100 hivi, kikae hadi asubuhi; siku ya pili kisuuzwe kidogo, kiingie kwenye shabu, nako kikae usiku mzima. Gome la mwembe au la mkorosho hufanya kazi hiyohiyo, na majani ya chai pia, ingawa haya huacha wekundu wa udongo chini ya rangi yako. Hatua hii ya ukakasi ndiyo watu wengi huiruka, kisha wakasema rangi za mimea hazidumu.

Maji yanastahili siku yake ya kuchunguzwa. Visima vingi vya mitaa ya karibu na bahari vina chumvi, na mabomba ya zamani hutoa kutu. Chuma kilichomo majini huifisha rangi: manjano inakuwa kijani cha zeituni, nyekundu inakuwa kahawia. Kujua ni rahisi. Pika chai ya rangi kavu, usiitie ndimu, iache kwenye kikombe cheupe ipoe. Ikigeuka nyeusi kama wino, maji yako yana chuma. Maji ya mvua ndiyo bora, mradi bati lake si la kutu, nawe uache mvua ya kwanza ioshe paa. Wanaokinga maji ya masika, Machi hadi Mei, na kuyafunika vizuri wana hazina ya kazi hii.

Kuna wakati chuma hicho hutakiwa: ukiiweka misumari yenye kutu kwenye chupa ya siki na maji kwa wiki mbili, utapata dawa ya kuitia giza rangi yenye ukakasi mpaka ifikie kijivu au karibu na weusi. Itumie kwa matone, kwenye chombo chake peke yake. Ikizidi hula nyuzi, na kitambaa huchanika mapema.

Mimea nayo hukusanywa mapema kuliko unavyodhani. Maganda makavu ya vitunguu ni mepesi mno. Ili kupata gramu 250, kiasi kinachotosha mfano wetu, utajaza mfuko mkubwa na kuukandamiza. Ongea na wauzaji wa sokoni wiki kadhaa kabla, uwaachie mfuko wakuwekee. Majani ya mwembe huchumwa mabichi, uzito sawa na wa kitambaa au mara mbili yake, na hutoa manjano tulivu. Mzingefuri, ule ambao watoto hujipaka mbegu zake mdomoni, hutoa rangi ya chungwa inayopendeza sana lakini haipendi jua. Bizari vilevile. Kila mama wa mwambao ameona doa la mchuzi wa bizari likigeuka jekundu linapoguswa na sabuni. Basi vazi lililotiwa bizari litafanya hivyohivyo kila likifuliwa, na juani litapauka. Itumie kwa kitambaa cha mezani cha sikukuu, usiitumie kwa kanzu ya kila siku. Hina kwenye pamba haitoi wekundu unaoutarajia kutokana na kucha. Hutoa kahawia nyepesi.

Nili, ile rangi ya buluu ya mmea, iache kwanza. Haitaki shabu wala kuchemshwa. Ina namna yake ya kuvundikwa, na inahitaji somo lake peke yake. Kwa weusi, waulize wazee wanaosuka mikeka habari za mdaa, ambao mizizi yake imetumika tangu zamani kutia rangi ukindu. Ujuzi huo uko kwa kina bibi, na poda za dukani zimeufunika kwa haraka. Mwenye bibi na akaulize sasa. Gome la mkandaa na mikoko mingine lina ukakasi mwingi na wekundu mzuri, lakini mikoko yetu ni hifadhi, kuikata au kuibambua bila kibali ni kosa, na mti uliobambuliwa gome pande zote hufa. Mimi nimeamua kutoigusa.

Sufuria ya rangi isirudi kupika chakula, hata ukiisugua vipi, na mwiko wake vilevile. Stili ndiyo bora, alumini inavumilika, chuma kitakutia giza bila kukuuliza. Fanyia kazi uani penye hewa, vaa glavu, na funika pua unaposaga shabu. Usichemshe majani usiyoyajua. Maganda ya korosho, yale magumu yanayobeba kokwa, yaache kabisa, kwani mafuta yake huunguza ngozi. Wapo wanaotumia mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, kupata kijani. Ni sumu, na nyumba yenye watoto, kuku na kisima si mahali pake. Ukijumlisha moto wa hatua zote utafika saa tano au sita, kwa hiyo mkaa au gesi viwepo vya kutosha. Jiko likizimika katikati, rangi hutoka madoamadoa.

Andaa pia kamba ya kivulini. Hewa ya Tanga ina unyevu, na kitambaa kilichoachwa kibichi kwenye beseni siku mbili za mvua huota kawa, na madoa yake meusi hayatoki.

Hatimaye, kata vipande vinne vya kitambaa hichohicho, upana wa vidole vitatu, uvipitishe njia yote: magadi, komamanga, shabu, rangi. Andika kwenye daftari uzito wa kila kitu na maji uliyotumia. Kimoja kiweke ndani ya daftari. Viwili vifue kwa sabuni unayofulia siku zote, kimoja mara moja, kingine mara tano. Cha nne kibandike dirishani penye jua, nusu yake imefunikwa kwa karatasi ngumu, ukiache wiki mbili. Siku utakapoiondoa ile karatasi ukakuta mpaka kati ya nusu mbili hauonekani, na vile viwili vilivyofuliwa bado vinafanana na cha daftarini, loweka kitambaa chako na uwashe jiko.