Sindano mbili siku moja: jinsi ya kuvuka saa 48 zinazofuata

Umechanjwa saa nne asubuhi, bega la kushoto chanjo ya mafua ya msimu, la kulia ya UVIKO-19 au ya homa ya uti wa mgongo kwa wanaojiandaa na Hijja. Mchana wote uko mzima. Inafika saa mbili usiku, mifupa inaanza kuuma, baridi inakuingia katikati ya joto la Dar es Salaam, na kila mtu nyumbani ana ushauri wake: huyu analeta maji ya moto ya kukanda, yule dawa mseto ya malaria iliyobaki kwenye droo, mwingine anasema "nilikuambia usichanje".

Kuchanjwa chanjo hizi pamoja kunaruhusiwa, na moja haiharibu kazi ya nyingine. Maudhi huwa makali kidogo kuliko ukichanjwa moja, hasa uchovu na maumivu ya misuli. Lakini yana saa zake za kuja na saa zake za kuondoka. Ukizijua saa hizo, utajua cha kuvumilia, cha kutuliza na cha kukimbiza hospitali.

Kabla ya kwenda

Chagua siku ambayo kesho yake hudaiwi na mtu. Anayepumzika Jumamosi na Jumapili achanje Ijumaa. Mwenye duka Kariakoo anayefunga Jumapili tu, achanje Jumamosi. Usichanje leo kama kesho alfajiri una basi la mkoani. Kwa mahujaji, chanjo ya uti wa mgongo inatakiwa iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika Saudia, na ya mafua nayo inahitaji kama wiki mbili kujenga kinga, kwa hiyo kuzichoma pamoja wiki tatu kabla ya safari kunamaliza yote. Kama Ramadhani iko mlangoni na unakusudia kufunga, chanja kabla haijaingia, maana siku ya pili utahitaji kunywa maji mchana.

Kula kwanza. Wengi wanaoanguka kwenye benchi la chanjo wameangushwa na woga na njaa. Chai na chapati mbili zinatosha. Panadol (yaani parasetamoli) usimeze "ili kujikinga" kabla ya sindano. Haishauriwi, kwa sababu inaweza kupunguza mwitikio wa mwili ambao ndio ulioufuata, tena huenda usiumwe kabisa.

Vaa nguo inayoachia bega lote. Hili linadharauliwa, na ndipo kosa baya zaidi linapotokea. Sindano inatakiwa iingie katikati ya msuli wa bega, upana wa vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa. Ukivuta kola ya shati pembeni au kubinua shingo ya baibui, mchanjaji anaona sehemu ya juu tu, na sindano ikienda juu sana inaweza kufikia kiungo chenyewe. Maumivu ya namna hiyo hayaishi kwa siku mbili: mkono unakataa kupanda juu kwa wiki kadhaa. Toa mkono mzima kwenye nguo, kaa kwenye kiti, uache mkono uning'inie umelegea.

Mkono upi? Kwa kawaida ni sindano moja kila mkono, au zote mkono mmoja zikiachana angalau sentimita 2.5. Kwa mtu anayebeba mtoto, anayening'inia kwenye bomba la daladala au anayelala ubavu, bora zote ziende mkono asioutumia sana, abaki na mmoja mzima. Ila kama chanjo iliwahi kukuvimbisha, zigawe, ili safari hii ijulikane ipi imefanya nini. Kwa vyovyote, mwombe mchanjaji aandike kwenye kadi ipi imeingia wapi.

Mwambie pia kama una mzio, una mimba, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una homa siku hiyo.

Dakika 15 za benchi

Ukishachomwa, kaa dakika 15. Aliyewahi kupata mzio mkali akae 30. Watu wanaruka hatua hii kwa kuwa bodaboda inasubiri nje, ilhali mzio wa hatari, ambao ni nadra sana, mara nyingi hujitokeza ndani ya dakika hizo na dawa yake, sindano ya adrenalini, iko pale pale kituoni.

Kuzimia na mzio havifanani. Anayezimia anapauka, anatoka jasho la baridi, na akilazwa miguu ikainuliwa anarudi baada ya muda mfupi. Mwenye mzio anawashwa, anatoka vipele vya kuvimba, midomo au macho yanafura, kifua kinabana na kupiga mluzi, na kulala hakumsaidii. Huyo wa pili asipewe maji wala asiachwe apumzike. Aitiwe mhudumu sekunde hiyo hiyo.

Saa kwa saa

Tuseme ni saa nne asubuhi. Hadi alasiri, linalouma ni bega tu. Kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku uchovu unaingia, kichwa kinagonga, wengine wanapata baridi na kichefuchefu kidogo. Kilele ni usiku wa manane hadi mchana wa siku ya pili. Jioni ya siku hiyo mwili unaanza kukurudia, na siku ya tatu unabaki na bega linalokukumbusha ukigeuka kitandani. Chanjo ya UVIKO-19 inaweza pia kuvimbisha tezi za kwapa la upande uliochomwa. Zinaachia zenyewe ndani ya siku chache, mara nyingine wiki kadhaa.

Kikohozi, makamasi na koo kuwasha havimo kwenye orodha. Chanjo ya mafua ya sindano haina kirusi hai, haiwezi kukupa mafua. Ukianza kupiga chafya siku ya pili, kirusi umekiokota kwingine kabla kinga haijajengeka, pengine kwenye foleni ya mwendokasi.

Bega

Ubaridi kwanza. Nunua barafu ya mfuko, ile ya shilingi chache wanayouza mtaani, ifunge kwenye kanga iliyokunjwa mara mbili, weka juu ya uvimbe dakika 10 hadi 15, pumzisha saa moja, rudia. Isiguse ngozi moja kwa moja, inaunguza. Umeme ukikatika na barafu hakuna, kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungi kinafaa.

Kukanda kwa maji ya moto siku ya kwanza ni kosa la mapenzi: joto linatanua mishipa ya damu na uvimbe unaongezeka. Kuchua kwa nguvu na dawa ya mentholi vilevile. Usipake mafuta ya taa, usimwage unga wa vidonge.

Kisha uchezeshe mkono. Watu huufunga kama umevunjika, kesho yake umekakamaa kama mpini. Inua taratibu mpaka usawa wa bega, shusha, zungusha, mara kumi kila saa mbili ukiwa macho. Kupika na kufua nguo nyepesi ni sawa. Ndoo ya lita 20 iache kwa siku mbili.

Uwekundu na uvimbe mdogo ni kawaida. Ukiona unazidi kupanuka baada ya siku ya pili, una moto wa kuchoma au unatoa usaha, huo umeacha kuwa wa chanjo, nenda kituoni.

Homa na dawa

Pima. Kiganja cha bibi kwenye paji la uso hakitofautishi homa na joto la chumba chenye bati. Kipimajoto cha kidijitali kiweke kwapani kikavu, bana mkono mpaka kilie. Kuanzia nyuzi 37.5 kwapani ni homa.

Dawa ni parasetamoli. Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi anameza vidonge 1 au 2 vya miligramu 500, anasubiri angalau saa 6, anarudia akihitaji. Kikomo ni vidonge 8 kwa saa 24, na kwa maumivu ya chanjo wengi hawafiki hata 4. Mwenye mwili mdogo ameze kimoja kwa mara. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana amuulize mfamasia kwanza. Andika saa kwa kalamu nyuma ya karatasi ya vidonge, kwa sababu saa nane usiku hukumbuki kama ulimeza saa mbili au saa nne.

Mtego uko kwenye dawa za mchanganyiko. Vidonge vingi vya mafua na vya "maumivu makali" katika maduka yetu ya dawa vina parasetamoli ndani. Ukimeza hivyo pamoja na Panadol umezidisha dozi bila kujua, na ini ndilo linalolipa. Soma ubavuni mwa boksi.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ziache, hata kama ni nzuri kwa maumivu. Sababu ni ya Dar yenyewe: mji huu umepata milipuko ya dengue, ukiwamo wa 2014 na wa 2019. Kama homa unayodhani ni ya chanjo kumbe ni dengue, dawa hizo zinaongeza hatari ya kutoka damu. Amoksilini nayo haina kazi hapa. Hakuna bakteria wa kuua.

Ukiwa unatetemeka, jifunike shuka moja. Jasho likianza, ondoa. Blanketi zito linafungia joto ndani. Fungua madirisha, washa feni, oga maji ya bomba ya kawaida, si ya barafu, ambayo yatakutetemesha zaidi. Kunywa lita 2 hadi 3 kwa siku, kidogo kidogo. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, hujanywa. Dafu ni zuri, uji mwepesi pia, lakini kama unatapika au kuhara, dafu halina chumvi ya kutosha. Changanya ORS, ile chumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, wala usigawe pakiti nusu kwa jicho. Pombe iache usiku huo.

Homa isiyo ya chanjo

Sehemu hii usiiruke. Mbu aliyekuuma wiki mbili zilizopita hajui kwamba leo umechanjwa. Homa ya malaria inaweza kuangukia siku ile ile, na kila mtu akasema "ni chanjo tu, itaisha", huku vimelea vinaongezeka.

Kwa hiyo shika mipaka hii. Homa iliyoanza kabla ya sindano si ya sindano. Homa iliyoanza siku ya tatu au baadaye, kwa chanjo hizi, usiipe chanjo. Homa iliyoanza usiku wa kwanza ikapita saa 48, au iliyoondoka ikarudi, ikapimwe. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu ya kidole na majibu kama dakika 15 hadi 20. Usimeze mseto bila kupima. Macho yakiuma kwa nyuma, vipele vikitokea au fizi zikitoa damu, taja dengue kwa daktari mwenyewe, usisubiri aulize.

Chanjo ya homa ya manjano ina kalenda tofauti, kwa kuwa ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Mwili kuuma na homa ndogo vinaweza kuja siku kadhaa baadaye, hata wiki nzima. Kama umechomwa hiyo pamoja na ya mafua, unaweza kupata mawimbi mawili. Macho yakigeuka manjano, au ukichanganyikiwa, hiyo ni dharura.

Wenye hali zao

Mgonjwa wa kisukari apime sukari mara nyingi zaidi kwa siku mbili, inaweza kupanda, na asiache dawa eti kwa kuwa hana hamu ya kula. Ampigie mtoa huduma wake. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda abonyeze tundu la sindano dakika mbili au zaidi bila kusugua. Mjamzito mwenye homa ameze parasetamoli, asiiache ipande. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Mtoto hupewa dozi kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na asipewe aspirini.

Usisubiri asubuhi

Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au pumzi kukatika ndani ya wiki moja, hasa kwa kijana wa kiume aliyechomwa ya UVIKO-19. Kichwa kikali na shingo kukakamaa. Degedege. Miguu au mikono kukosa nguvu. Joto la 39 lisiloshuka kwa parasetamoli. Kwa haya nenda hospitali, na kama unataka kuuliza kwanza juu ya jambo dogo, piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, ni bure.

Ukienda, chukua kadi ya chanjo. Ina jina la chanjo, tarehe na namba ya toleo, na hizo ndizo taarifa ambazo daktari atahitaji ili tukio likaripotiwe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Yaliyokuwa mazito yaandike nyuma ya kadi kwa maneno yako: saa yalipoanza, saa yalipoisha, ulimeza nini. Mchanjaji wa mwaka ujao ataanza kusoma hapo.