Mtoto anayeyumba: ninavyomzoeza kusimama kwa gemu

Mwanangu ana miaka 9 na ana mtindio wa ubongo. Upande wa kushoto ndio dhaifu. Mtaalamu wa fiziotherapia alimpa zoezi la kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Mara tano tu, machozi. Sasa hapa kwetu Mbagala anahamisha uzito bila kuhesabu, kwa sababu anacheza gemu.

Wazazi wenzangu, msikimbilie dukani kwanza. Nendeni kwa mtaalamu. Mtoto anaweza kuyumba kwa sababu ya sikio la ndani, macho, misuli au ubongo, na kila shida ina mazoezi yake. Kama ana kifafa, semeni mapema: mwanga unaowaka na kuzima haraka kwenye runinga unaweza kumletea degedege.

Sisi tunatumia mashine ya gemu ya runinga iitwayo Nintendo Wii na ubao wake wa kusimamia, uliotoka mwaka 2007. Una vihisio vinne, kimoja kila kona, vinavyopima uzito umelalia wapi. Wii haitengenezwi tena, kwa hiyo ni mtumba, mimi niliipata Kariakoo. Geuza adapta usome. Ikiandikwa 100V tu, ni ya Japani. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230V inaungua.

Ubao ukae kwenye saruji au vigae, usiwe juu ya zulia. Mtoto awe peku, soksi zinateleza. Stuli na meza viondoe.

Kazi yenyewe iko hapa: kaa nyuma yake, mikono karibu na nyonga bila kumgusa. Ukimshika mkono atakuegemea, na wewe ndiye utakayekuwa unasimama. Halafu tazama nyayo, runinga mwachie yeye. Kwenye gemu ya kuinamisha meza ya kwenye runinga ili vigololi viingie tundu, wangu anainamisha kifua, na kisigino cha kushoto kinapanda polepole. Kigololi kinaingia, gemu inampongeza, lakini mguu haujafanya kitu. Nimechora nyayo zake kwa chaki juu ya ubao. Kisigino kikiinuka, tunaanza upya, hata akininunia.

Tulipangiwa dakika 15, mara tatu kwa wiki. Akichoka kabla, naacha.

Usiku mmoja umeme ulikatika katikati ya mchezo. Giza ghafla, naye macho ndiyo yaliyokuwa yanamsaidia kusimama. Nilichelewa kumdaka, akaangukia kiwiko. Nililia kuliko yeye. Tangu hapo tunacheza mchana tu, dirisha wazi.

Runinga ikizimwa tunatoka barazani, anapanda ngazi mbili, mguu wa kushoto kwanza, bila vigololi wala pongezi. Hapo ndipo ninapojua kama zoezi limeingia mwilini. Jumapili iliyopita alivaa suruali akiwa amesimama, ameshika ukuta kwa vidole viwili.