Kumchuja mtoto mgonjwa kwa simu kabla hajakimbizwa dharura

Mwongozo huu ni wa muuguzi anayepokea simu za wazazi wa watoto chini ya miaka 5.

Hatua ya 1. Uliza namba ya kumpigia, mtaa, na umri kwa miezi. Namba unayoiona kwenye kioo huenda ni ya jirani.

Hatua ya 2. Dalili za hatari: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki. Ikiwepo hata moja, acha maswali, aletwe dharura sasa hivi. Vivyo hivyo kwa mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi.

Hatua ya 3. Hesabu pumzi. Hapa ndipo wengi hukosea. Usimuulize mzazi "anapumua haraka?", maana kila mzazi mwenye hofu atajibu ndiyo. Mwambie: "Mama, weka simu kwenye spika, mfunue kifua, kila kinapopanda sema 'sasa'." Wewe chora kijistari kila "sasa" kwa dakika nzima, saa ikiwa mkononi mwako. Usihesabu sekunde 30 ukazidisha kwa mbili. Pumzi za mtoto mchanga hazina mpangilio, hukimbia kisha zikasimama kidogo. Akilia au akinyonya, subiri atulie, la sivyo unahesabu kilio. Simu ya video siipendekezi kwa hili: mtandao ukiganda, pumzi kadhaa zinapotea na mtoto mgonjwa anaonekana mzima. Itumie kutazama upele au macho yaliyodidimia.

Pumzi ni za haraka zikifika 60 chini ya miezi 2, 50 kwa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa mwaka 1 hadi 5. Ukikaribia mpaka, rudia. Uliza pia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi.

Hatua ya 4. Kifua kinabonyea, au ni mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye pumzi za haraka: dharura. Mkubwa zaidi mwenye pumzi za haraka tu: zahanati leo hii. Homa kwenye eneo la malaria: zahanati leo, apimwe kwa kipimo cha haraka, hata kama anacheza. Kuhara bila damu, macho hayajadidimia na anakunywa vizuri: nyumbani, ORS (maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha (100 hadi 200 akifikisha miaka 2), pamoja na zinki.

Hatua ya 5. Mzazi akutajie mwenyewe dalili za hatari. Aliyebaki nyumbani mpigie baada ya muda wa saa 4, na saa hiyo iandike daftarini kabla hujakata simu.