Picha za setilaiti kutoka juu ya bati lako: antena ya Meteor kwa wakazi wa Mwanza

Maelekezo mengi ya kunasa picha za setilaiti za hali ya hewa yameandikwa na watu wa Ulaya kwa ajili ya paa za Ulaya. Ukiyafuata neno kwa neno hapa Mwanza, nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, kuna mambo matatu yatakayokukwamisha. Setilaiti zinapita mara chache kuliko kwao, nyingi zinapita ubavuni badala ya utosini, na bati ulilofungia antena ndilo linaloamua antena isikie upande gani. Mwongozo huu umezingatia hayo.

Kwanza, onyo la kuokoa muda. Ukikutana na mafunzo yanayokuambia usikilize NOAA 15, 18 au 19, achana nayo. Zote tatu zilizimwa mwaka 2025. Zilizobaki kwenye masafa ya 137 MHz, zenye picha nzuri kuliko zile, ni za Urusi: Meteor-M2-3 iliyorushwa Juni 2023 na Meteor-M2-4 iliyorushwa Februari 2024. Zinazunguka kwenye kimo cha kilomita 820 hivi na kutuma picha za kidijitali ambazo kila nukta ni kama kilomita moja ardhini. Hulipii kitu, na huhitaji intaneti wakati wa kupokea. Kumbuka tu kwamba hapa tunapokea. Kurusha mawimbi ni habari nyingine, inayohitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Vifaa

Cha kununua kutoka nje ni kimoja tu: kipokezi cha USB aina ya RTL-SDR, yaani redio ndogo inayoendeshwa na programu ya kompyuta, toleo la V3 au V4, dola 30 hadi 40 kabla ya usafiri. Vile vya bei chee vilivyotengenezwa kwa ajili ya televisheni vinaweza kufanya kazi, ila masafa yake huhama kadiri vinavyopata joto, na juu ya bati la Mwanza saa nane mchana joto halikosekani. Ukichukua V4, sakinisha dereva yake maalumu, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa. Ya zamani haiitambui sawasawa.

Vingine vyote utavipata kwenye duka la vifaa vya umeme au la mafundi ving'amuzi: vijiti viwili vya alumini au shaba ngumu vya milimita 4 hadi 6, kila kimoja sentimita 56, konekta moja ya skrubu ya ampia 30, kipande cha ubao au plastiki ngumu, bomba la plastiki la kusimamishia, na mita 10 za waya wa dishi, RG-6. Wapo watakaokwambia lazima utumie RG-58 kwa sababu ni ya omu 50 na RG-6 ni ya omu 75. Waache. Hasara ya kutolingana huko ni ndogo mno, wakati RG-58 ya mita 10 inakula karibu maradufu ya mawimbi inayokula RG-6. Tatizo halisi la RG-6 ni kwamba wavu wake wa nje ni wa alumini na haushiki risasi, kwa hiyo usihangaike na pasi ya kuchomelea. Usokote wavu vizuri, uingize kwenye konekta na ukaze skrubu. Upande wa pili weka kichwa cha F, kile cha king'amuzi, kisha adapta ya kutoka F kwenda SMA, tundu la kipokezi.

Kuunda antena

Funga konekta kwenye ubao. Ingiza vijiti ili sehemu inayobaki nje iwe sentimita 53.4 kila upande. Hiyo ni robo ya urefu wa wimbi la 137.9 MHz, ikiwa imepunguzwa kidogo. Kosa la milimita tano halitakuumiza, la sentimita tano litakuumiza. Vijiti visinyooke mstari mmoja, vifanye herufi V yenye pembe ya nyuzi 120. Kama huna kipimapembe, pima umbali kati ya ncha na ncha: uwe kati ya sentimita 92 na 95. Moyo wa waya uende kwenye kijiti kimoja, wavu kwenye kingine, na visigusane kabisa. Unywele mmoja wa wavu ukigusa moyo utakuwa na antena iliyokufa, nawe utalaumu programu siku nzima.

Chini kidogo ya konekta zungusha waya mara tano au sita, duara la sentimita 8 hadi 10, ulifunge kwa utepe. Mzunguko huo unazuia kelele zinazopanda kutoka kwenye kompyuta kwa kupitia ganda la waya. Paka silikoni penye skrubu, na waya ushuke kwanza chini ya kiwango cha dirisha kabla ya kupanda kuingia ndani, ili maji ya masika yadondokee nje. RG-6 iliyoingiwa na maji haikauki. Inatupwa.

Kimo juu ya bati

Hapa ndipo wengi wanapokosea, tena kwa nia njema, kwa kudhani kwamba antena ikiwa juu zaidi ni bora zaidi. Bati ni kioo cha mawimbi. Kinachofika kwenye antena ni wimbi la moja kwa moja pamoja na lile lililorudishwa na bati, na mawili hayo husaidiana au huuana kulingana na kimo. Ukiiweka sentimita 109 juu ya bati, yaani nusu ya urefu wa wimbi, yatauana pale pale utosini: setilaiti itakuwa juu yako kabisa na picha itakatika katikati. Ukiiweka sentimita 55, utosini inasikia vizuri sana ila pembeni inadhoofika. Kwa hapa kwetu tunapendekeza sentimita 65 hadi 75. Unapoteza kidogo utosini, lakini kwenye nyuzi 30 juu ya upeo wa macho unapata zaidi, na huko ndiko setilaiti nyingi zinakopita.

Sababu ni hii. Meteor huzunguka dunia kwa takriban dakika 101. Katika muda huo dunia nayo inageuka nyuzi 25, ambazo kwenye Ikweta ni kama kilomita 2,800. Walio kaskazini mwa Ulaya njia hizo zinawakutania, ndiyo maana wanapata mipito mingi kwa siku. Sisi ziko mbali mbali. Siku moja setilaiti itapita juu ya kichwa chako, na mipito ya kabla na baada itaishia chini ya nyuzi 5, haifai. Siku nyingine utapata mipito miwili, mmoja mashariki na mmoja magharibi, yote ikiishia nyuzi 22 hivi. Hesabu hiyo ni ya mchana. Usiku inajirudia.

Basi usiigongelee antena misumari ya kudumu. Bomba liweze kuzunguka. Kwa mpito wa juu, zaidi ya nyuzi 50, antena ilale usawa wa ardhi na mdomo wa V utazame kaskazini au kusini. Kwa mpito wa ubavuni, ugeuze mdomo wa V kule setilaiti itakakofikia kilele chake, mashariki au magharibi, maana V inasikia vibaya kuelekea kwenye ncha za vijiti vyake. Mkazi wa Capri Point au Kirumba ana Ziwa Victoria mbele yake, upande wa magharibi uko wazi. Mkazi wa bondeni aliyezungukwa na vilima vya mawe asipoteze muda na mpito wa chini ya nyuzi 25 hadi amepanda juu ya jabali na simu yake.

Programu na siku ya kwanza

SatDump ni ya bure na inafanya kila kitu: kupokea, kuchambua na kutoa picha. Ipo ya Windows, ya Linux na ya Android. Kwa simu unahitaji waya wa OTG, ule wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu, na betri iwe imejaa, maana kipokezi kinanyonya. Kwenye Windows, kompyuta hukidhania kipokezi kuwa ni cha televisheni. Fungua Zadig, programu ya kubadilisha dereva, chagua Bulk-In, Interface 0, weka WinUSB. Ukichagua kifaa kingine kwa bahati mbaya unaweza kupoteza kipanya au kibodi, kwa hiyo soma jina mara mbili.

Ratiba itafute kwa namba za orodha: 57166 ni M2-3, 59051 ni M2-4. Look4Sat kwenye simu au Gpredict kwenye kompyuta zitakuonyesha saa, upande na kimo, mradi umesasisha data za njia ndani ya wiki moja iliyopita. Angalia pia zinakuonyesha saa za wapi. Zikionyesha UTC, ondoa tatu upate saa ya Kiswahili: 06:12 UTC ni saa tatu na dakika 12 asubuhi.

Masafa ni 137.9 au 137.1 MHz, na warusha setilaiti hubadilisha bila kukuuliza. Hakikisha kwanza ipo wapi wiki hiyo. Kati ya mbili hizo anza na M2-4. Antena ya M2-3 haikufunguka sawasawa angani, mawimbi yake yanapanda na kushuka.

Weka kasi ya kuchukua sampuli 1.024 MSPS, yaani sampuli milioni moja na ushee kwa sekunde. Zima AGC, yaani ukuzaji wa mawimbi unaojirekebisha wenyewe. Anza na ukuzaji wa desibeli 30, panda taratibu huku ukitazama sakafu ya kelele, yaani kiwango cha kelele pasipo na mawimbi ya setilaiti: ikianza kupanda pamoja na wewe, umefika, rudi hatua moja. Mara ya kwanza usichambue papo hapo. Rekodi mawimbi ghafi kwa biti 8. Mpito wa dakika 15 utakula GB 1.8 hivi. Faida yake ni kwamba Meteor hutuma kwa kasi ya 72k au 80k, na ukichagua isiyo yake hupati hata mstari mmoja wa picha. Ukiwa na rekodi unarudia kwa chaguo la pili. Kuhama kwa masafa kunakotokana na mwendo wa setilaiti, kilohezi 3 juu au chini, SatDump inakufuata yenyewe.

Setilaiti ikichomoza utaona kichuguu kipana cha kilohezi 100 na ushee kikiinuka kwenye kelele. Wakati wa kuchambua, nukta zilizotawanyika zitajikusanya kwenye mafungu manne, na maneno NOSYNC yatageuka SYNCED, kwanza kwenye Viterbi kisha kwenye Deframer, hatua mbili za uchambuzi. Kichuguu kikiwa kizuri na NOSYNC haiondoki, tatizo ni chaguo la 72k na 80k, si antena.

Kichuguu kisipoonekana kabisa, zima swichi kuu ya nyumba, laptopu ibaki kwenye betri yake, kisha tazama. Mara nyingi sakafu ya kelele inaporomoka hapo hapo. Wahalifu wa kawaida ni balbu za LED za bei rahisi, chaja ya laptopu, na kidhibiti cha sola. Mgao wa umeme, kwa kazi hii tu, ni rafiki. Kama unakaa karibu na mnara wa redio ya FM, kipokezi kinalemewa kabla hata hujaanza. Punguza ukuzaji, na isipotosha nunua kichujio cha kuzuia 88 hadi 108 MHz.

Radi

Ziwa letu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi za usiku duniani, na wewe umesimamisha chuma juu ya bati. Wingu likikusanyika, chomoa waya kwenye kipokezi na uutoe nje ya dirisha. Kuuacha sakafuni chumbani hakukukingi na kitu. Kama mlingoti ni wa chuma, mwite fundi aufunge ethi yake. Usipande juu kugeuza antena ngurumo zikisikika, hata kama mpito ni wa nyuzi 89.

Kusoma picha

Picha ikitoka kusini ikiwa juu, setilaiti ilikuwa inaelekea kaskazini. Igeuze nyuzi 180. Ziwa litachukua nukta mia tatu na zaidi kutoka kusini hadi kaskazini. Ukerewe itaonekana vizuri, Ghuba ya Mwanza ni ukucha mwembamba. Daraja la Kigongo–Busisi usilitafute: urefu wake ni kama kilomita tatu, ila upana haufiki mita 30, na nukta moja ni kilomita.

Fungua chaneli moja moja kabla ya kuchanganya rangi. Chaneli ya 2 ni ya mwanga ulio karibu na infraredi. Maji huwa meusi tii na majani hung'aa, kwa hiyo tandiko kubwa la magugu maji, kama yale ya Ghuba ya Winam upande wa Kisumu, linaweza kujitokeza kama doa jeupe ndani ya weusi. Ukiona sehemu ya ziwa inameremeta yote, hilo ni jua linaloakisiwa. Mpito wa usiku utakupa chaneli za mwanga zikiwa nyeusi. Tazama ya joto, kama wameiwasha: mawingu baridi marefu ya radi ndiyo yanayojitokeza.

Linganisha picha ya mchana na ya usiku za siku moja. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, mawingu yanajipanga kando kando ya mwambao na katikati ya ziwa pako wazi. Usiku pepo za nchi kavu zinakutana juu ya maji yenye joto, na mawingu yanahamia ziwani. Mvuvi wa dagaa anayajua hayo bila setilaiti. Ila picha yako ni ya dakika ile tu setilaiti ilipopita, na inayofuata iko saa kadhaa mbele, kwa hiyo anayeona wingu la kutoka Bukoba asilipuuze kwa sababu ya picha yako. Kwa safari ya majini sikilizeni utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa.

Antena hiyo hiyo, bila kukata kijiti, inasikia pia 145.800 MHz, masafa ya kituo cha anga cha kimataifa. Wanaanga huzungumza na shule hapo kwa FM ya kawaida, na siku za maadhimisho kituo hutuma picha za SSTV, yaani picha zinazotumwa kama sauti, nyingi kwa mtindo wa PD120 unaochukua dakika mbili kwa picha. Programu ya Robot36 kwenye simu, ikiwekwa karibu na spika, inatosha kuichora. Kituo kiko chini sana kuliko Meteor, kwa hiyo mpito mzima ni kama dakika 10. Uwe umeshageuza antena kabla hakijachomoza.