Jinsi ya Kuwapata Watatuzi wa Matatizo Ambao Tayari Umewaajiri

Kampuni ikiniita kusaidia kutafuta "wabunifu" wake, kitu cha kwanza ninachoonyeshwa ni sanduku la maoni. Ufunguo wake, mara nyingi, hakuna anayejua uko wapi. Mimi sianzi na sanduku, wala na shindano la mawazo. Shindano huwaibua wasemaji hodari, na hao ulikuwa unawajua tangu zamani.

Hatua ya 1: Tafuta viraka

Mwenye kipaji cha kutatua matatizo hangoji kuombwa. Kero ikimzidi anaitilia kiraka chake: daftari pembeni ya kompyuta, jedwali la Excel lisilotambuliwa na mfumo, karatasi iliyobandikwa kwenye mashine. Zungukia idara zote kwa siku mbili tatu, zamu ya usiku ikiwemo. Usibebe fomu. Uliza tu: "Hiki alikianzisha nani? Kabla yake mlikuwa mnafanyaje?"

Katika stoo moja nilikuta maboksi yamebandikwa vipande vya utepe, rangi nne tofauti. Karani, mtu wa maneno machache ambaye vikaoni hukaa nyuma kabisa, alikuwa ametenga rangi moja kwa kila wiki ya mwezi, ili wapakiaji watoe mzigo wa zamani kwanza bila kuhangaika kusoma tarehe kwenye mwanga hafifu. Meneja wake alidhani ni alama za msafirishaji.

Hatua ya 2: Mpe tatizo la kweli, dogo

Kiraka kimoja huenda kikawa bahati. Chagua kero inayowasumbua watu sasa hivi, mpe wiki mbili, kisha nyamaza. Utazame anavyouliza. Toyota ina desturi, iliyosisitizwa sana na mhandisi wake Taiichi Ohno, ya kuuliza "kwa nini" mara tano. Ankara zinachelewa, kwa nini? Zinasubiri saini. Kwa nini? Mwenye kusaini yuko safarini. Kwa nini anasaini peke yake? Kwa sababu utaratibu uliandikwa kampuni ikiwa na watu sita. Anayeishia swali la kwanza atakuomba ununue programu mpya. Anayefika la tatu atafuta mstari mmoja kwenye utaratibu. Wa pili ndiye unayemtafuta.

Hatua ya 3: Mtengee muda kwenye ratiba

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu hapa pana gharama. Kampuni ya 3M, tangu 1948, imewaruhusu wataalamu wake kutumia asilimia 15 ya muda wa kazi kwa mambo wanayoyabuni wenyewe. Huko huko, mwaka 1968, Spencer Silver alipata gundi dhaifu isiyong'ang'ania, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua ifanye nini. Mwaka 1974 mwenzake Art Fry, mwanakwaya aliyechoshwa na vipande vya karatasi kudondoka kutoka kitabu chake cha nyimbo, akaikumbuka. Post-it, vile vikaratasi vya kubandika na kubandua, iliingia sokoni kote Marekani mwaka 1980. Mmoja alikuwa na kitu, mwingine alikuwa na kero. Kwa hiyo wakutanishe watu wa idara tofauti, usimfungie mbunifu wako chumbani.

Si lazima iwe asilimia 15. Nusu siku kwa wiki inatosha, mradi iandikwe kwenye ratiba ya zamu na kazi zake zipunguzwe kwa kiasi hicho hicho. Ukimwambia "fanya ukipata nafasi", hataipata.

Hatua ya 4: Jibu ndani ya siku saba

Ndiyo, hapana, au tujaribu. Hapana iandamane na sababu, naye atarudi na wazo jingine. Ukimjibu kwa kimya, harudi.

Hatua ya 5: Usikimbilie kumpa cheo

Nimeona fundi mbunifu akifanywa msimamizi, kisha mwaka mzima akashinda akisaini likizo za wenzake. Muulize anataka nini. Ongeza mshahara, jina lake libaki kwenye kazi aliyoibuni. Na msimamizi wake usimsahau: kwenye tathmini yake weka swali, "Mwaka huu umemwibua nani?" Bila hilo, atawaficha watu wake wazuri wasichukuliwe.

Yule karani wa stoo alikataa usimamizi. Aliomba utepe wa rangi ya tano, kwa siku zile za mwisho wa mwezi zinazobaki baada ya wiki nne.